Ujira wa Nebukadreza: Tunauaminije Unabii wa Biblia?

Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha somo la unabii katika semina ya usharika. Tulikuwa na kijitabu kimoja, cha aina ambayo wengi wenu mmeiona: upande wa kushoto tabiri za Agano la Kale, upande wa kulia namna zilivyotimia. Tukafika kwenye Tiro. Tukasema kwa ujasiri kwamba Ezekieli alitabiri Nebukadreza atauangamiza mji ule, kwamba uliangamizwa, na kwamba haujajengwa tena mpaka leo. Watu wakasema amina. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa kwaya alitufuata ofisini, akatupa shikamoo, akatuonyesha simu yake. Palikuwa na picha ya Tiro ya leo, mji wa pwani katika nchi ya Lebanoni: nyumba za ghorofa, mashua za wavuvi, watu wanaogelea. Akauliza kwa adabu, "Baba mchungaji, mbona mji upo?"

Tulichomjibu hakikuwa jibu. Tulimwambia awe mwangalifu na mambo ya mitandaoni, azidi kuomba, shetani ana hila nyingi. Akasema asante, akaondoka. Kwaya ilimkosa tangu wiki ile, Kwaresima yote, Pasaka, na miezi mingi baadaye. Tukajifariji kwa kusema simu zimewaharibu vijana. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa amesoma kuliko sisi. Sisi tulikuwa tumesoma kijitabu; Ezekieli mwenyewe tulikuwa hatujamsoma mpaka mwisho.

Tunaandika haya kwa sababu tunaamini kuwa unabii wa Biblia umetoka kwa Mungu na ni wa kutegemewa. Tungekuwa hatuamini, tungenyamaza tu. Lakini namna tulivyozoea kuuthibitisha kwa watu, yaani kuhesabu tabiri zilizotimia na kuzionyesha kama risiti, ina udhaifu, na watoto wetu wanauona kabla yetu.

Vijitabu vya namna ile vina babu. Katikati ya karne ya 20 mwalimu mmoja wa hisabati na elimu ya nyota huko Marekani, Peter Stoner, alichukua tabiri 8 zinazomhusu Masihi: kuzaliwa Bethlehemu, mtangulizi wa kumwandalia njia, kuingia Yerusalemu juu ya punda, vipande 30 vya fedha, na nyingine. Kwa kila moja akakadiria ni watu wangapi duniani wangeweza kutimiza jambo hilo kwa bahati tu. Kisha akazidisha makadirio yale. Jibu lilikuwa kwamba nafasi ya mtu mmoja kuzitimiza zote 8 ni moja kati ya namba yenye 1 ikifuatwa na sifuri 17. Ili watu waelewe, alisema ni kama kulifunika jimbo lote la Texas kwa sarafu za dola za fedha hadi kimo cha futi 2, kuitia alama sarafu moja, kisha kumfunga mtu kitambaa machoni na kumwambia aokote moja tu.

Mara ya kwanza kuusikia mfano huu tulikuwa wanafunzi wa chuo cha theolojia. Mhubiri mgeni aliueleza vizuri sana, na ukumbi wote ulisimama kushangilia. Nasi tulisimama. Hatuoni aibu kwa kushangilia kule. Stoner alikuwa mtu mwenye imani, na alitaka kusema jambo la kweli: kwamba maisha ya Yesu wa Nazareti hayaeleweki bila Maandiko yaliyomtangulia. Kanisa limesema hivyo tangu siku ya Pentekoste.

Udhaifu uko katika njia. Kwanza, namba zile hazikupimwa popote. Ni makadirio aliyoyapata kwa kujadiliana na wanafunzi wake. Ukizidisha makadirio 8 unapata kadirio kubwa, hata likiwa na sifuri 17. Pili, huwezi kuzidisha hivyo isipokuwa kila jambo limesimama peke yake. Vipande 30 vya fedha na fedha kutupwa hekaluni kwa mfinyanzi ni kisa kimoja. Anayevihesabu mara mbili anajilipa mara mbili.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi, angalia habari ya punda. Injili zinasema Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wamlete mnyama. Alijua Zekaria ameandika nini, na alipanda kwa makusudi. Pale hapakuwa na bahati ya kukokotolewa. Palikuwa na Mfalme anayetangaza yeye ni mfalme wa namna gani, mpole, asiye na farasi wa vita, naye anatangaza hivyo akijua itamgharimu nini kabla ya juma kwisha. Ukiuliza nafasi ya tendo lile kutokea kwa bahati, umemtazama Bwana anayetii kana kwamba ni mtu anayepapasa sarafu gizani.

Na zile fedha? Soma Zekaria sura ya 11. Pale nabii anasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyolichunga kundi, akaomba ujira wake, akapewa vipande 30, kima cha dharau. Mathayo anayaona maneno hayo yakijaa maana mpya katika Yuda na makuhani, naye anayataja kwa jina la Yeremia, ingawa fedha ni za Zekaria. Wasomaji wamelijadili jambo hili tangu zamani. Sisi tunaona kwamba Mathayo aliwasikia manabii wawili kwa pamoja: Zekaria mwenye fedha, na Yeremia mwenye nyumba ya mfinyanzi na shamba lililonunuliwa. Mwinjili hakuwa na orodha ya kutia vyema. Aliyasikia Maandiko kama mtu anayejua nyimbo za kanisa lake, ambaye ubeti mmoja humkumbusha mwingine.

Stoner aliihesabu Tiro pia. Basi turudi pale tulipoumbuliwa.

Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa uhamishoni Babeli pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 kabla ya Kristo. Aliishi kati ya wahamishwa karibu na mto Kebari, mbali na hekalu ambalo angelitumikia. Sura ya 26 inatuambia kwamba Yerusalemu ulipovunjwa, Tiro ulishangilia: mshindani ameondoka, sasa biashara itakuja kwetu. Tiro ulikuwa mji tajiri, sehemu yake kuu ikiwa kisiwani, na sehemu nyingine bara. Sura ya 27 inauimba kama jahazi zuri linalozama na shehena yake. Sisi tuliozoea bandari tunaweza kuisoma orodha ile ya bidhaa na kusikia harufu yake. Juu ya mji huo nabii anatamka hukumu ya Mungu. Mataifa mengi yatakuja kama mawimbi, utabaki mwamba mtupu, mahali pa kutandazia nyavu. Kisha anamtaja Nebukadreza kwa jina, na farasi wake, na magari yake, na vumbi lao.

Nebukadreza akaja. Josephus, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, anasema mji ulizingirwa miaka 13. Mwisho wake ulikuwa karibu mwaka 573. Tiro ulikubali kuwa chini ya Babeli, lakini kisiwa hakikubomolewa, na ile hazina ambayo jeshi liliitarajia haikupatikana.

Hayo tunayajua kutoka wapi? Siyo kwa wapinzani wa Biblia. Tunayajua kwa Ezekieli. Fungua sura ya 29, mstari wa 17 hadi 20. Ni neno lenye tarehe: mwaka wa 27, mwezi wa kwanza, siku ya kwanza, ambao kwa hesabu yetu ni 571. Hakuna neno lenye tarehe katika kitabu chake lililo la baadaye kuliko hili. Pale Bwana anamwambia nabii kwamba mfalme wa Babeli aliwatumikisha askari wake kazi nzito juu ya Tiro, kila kichwa kikapata upara, kila bega likachubuka, na wala yeye wala jeshi lake hawakupata ujira wowote kwa Tiro. Kwa hiyo atapewa Misri iwe ujira wake.

Picha hii haihitaji mfasiri kwetu. Soko la Kariakoo limepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo mabega yanachubuka pale kila siku. Mtu aliyebeba kutwa nzima na jioni akarudi mikono mitupu anaielewa Ezekieli 29 kuliko sisi wenye shahada.

Sasa, msomaji, tafakari nani aliyeiweka sura hii ndani ya Biblia. Ni nabii yule yule, katika kitabu kile kile, sura tatu tu baada ya ile nyingine. Kama Ezekieli au wanafunzi wake wangetaka kulinda jina lake, kazi ilikuwa nyepesi: punguza maneno ya sura ya 26, au iache ya 29 isinakiliwe. Hawakufanya hivyo. Watu waliokuwa hai wakati Tiro ulipozingirwa, walioweza kuuliza swali lile lile la kijana wetu, walizinakili zote mbili na kuzikabidhi kwa watoto wao kama Neno la Bwana. Hatujui ushahidi bora wa uaminifu wa watu waliotuletea unabii kuliko huu. Na ndio ukurasa ambao vijitabu vyetu huuruka!

Wako walioleta majibu, na baadhi tunayaheshimu. Wanasema sura ya 26 inazungumza juu ya mataifa mengi, wimbi baada ya wimbi, na kwamba katika mstari wa 12 maneno yanahama kutoka "yeye" kwenda "wao". Nebukadreza alikuwa wimbi moja. Mwaka 332 alikuja Aleksanda Mkuu. Alichukua mawe na kifusi cha mji wa bara, akajaza bahari mpaka akapata njia ya kwenda kisiwani, akauteka mji baada ya miezi 7. Mchanga umejikusanya kando ya njia ile tangu wakati huo, na Tiro si kisiwa tena. Mtu anaweza kusoma habari hizo na kuona mkono wa Bwana ndani yake. Sisi tunauona. Ila tunakataa habari hizo zitumike kuifuta sura ya 29, kana kwamba Ezekieli hakusema alichosema, au zitumike kudai kwamba mji haupo. Hata baada ya Aleksanda Tiro ulisimama tena. Bwana wetu aliifikia nchi yake, na huko mwanamke wa taifa lingine alishindana naye kwa ajili ya binti yake mpaka akapata alichokiomba. Paulo alipopita, Matendo 21, aliwakuta wanafunzi, akakaa nao siku 7. Siku ya kuondoka walimsindikiza pamoja na wake zao na watoto hadi nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba. Pwani ya mji uliohukumiwa ilikuwa na kusanyiko la Kikristo. Mtetezi anayesema Tiro ulitoweka daima anajipokonya mwenyewe sura hiyo nzuri.

Na Misri je? Iko sehemu ya kibao cha udongo cha Babeli, kilichovunjika, inayotaja vita ya Nebukadreza na Misri katika mwaka wa 37 wa utawala wake, yaani miaka michache baada ya neno la Ezekieli. Kibao hakielezi vita ile iliishaje. Tunaikubali kama ilivyo, kipande cha udongo, wala hatuiongezi chumvi.

Hapo tunafika kwenye kiini. Tumezoea kuufikiria unabii kama taarifa ya hali ya hewa: mtu amepewa kuona kesho, anatuambia, nasi tunasubiri tuone kama mvua itanyesha. Biblia haiufikirii hivyo. Katika Yeremia 18, nyumbani kwa mfinyanzi, Mungu anasema wazi kwamba akitangaza kung'oa taifa, nalo likageuka, yeye ataghairi. Na akitangaza kujenga, nalo likatenda mabaya, ataghairi pia. Neno la nabii ni neno la mtu aliye hai kwa mtu mwingine aliye hai. Baba anapomwambia mwanawe, "Ukiendelea hivi nitakutoa nyumbani," kisha mtoto akalia na kutubu na akabaki, hakuna mwenye akili atakayesema baba alikosea utabiri.

Wazee wa Yuda walilijua hili. Yeremia alipotaka kuuawa kwa kutabiri kuanguka kwa hekalu, sura ya 26, wazee walisimama wakakumbusha kwamba karibu miaka 100 nyuma Mika wa Moreshethi alitamka kuwa Sayuni utalimwa kama shamba. Sayuni haukulimwa katika siku za Hezekia. Je, walimwita Mika nabii wa uongo? La. Walisema Hezekia alimcha Bwana, naye Bwana akaghairi. Wakamtaja Mika kwa heshima, wakamwokoa Yeremia kwa jina lake. Neno ambalo "halikutimia" lilihesabiwa kuwa neno la kweli, kwa kuwa lilifanya kazi lililotumwa kufanya. Yona alilijua vilevile, na ndiyo maana alikasirika.

Mtu atatuambia: kwa njia hiyo mmejipa mlango wa kutokea kila mara. Likitimia, ni Mungu. Lisipotimia, watu wametubu. Pingamizi hili ni la haki, na Kumbukumbu la Torati 18 inalisimamia: nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisiwe, Bwana hakulinena. Hatuna ruhusa ya kuuficha mstari huo. Na juu ya Tiro hatusomi toba yoyote, kwa hiyo hatuwezi kusema mji uliepuka kwa sababu ulijivika magunia kama Ninawi. Tunachoweza kusema ni hiki: Mungu katika sura ya 29 hamkani nabii wake, wala nabii hajitetei. Mungu anasema kazi ile waliifanya kwa ajili yake, naye hatamwacha kibarua wake, hata mpagani, bila malipo. Neno la kwanza halikuachwa lijitegemee kama jiwe lililotupwa. Aliyelinena amebaki nalo, analiangalia, analifuata kwa neno la pili. Tunauamini unabii kwa sababu tunamwamini yeye. Mpangilio huo ukigeuzwa, kila picha ya simu inakuwa hatari.

Lakini je, tunajuaje kwamba ni yeye aliyesema? Waraka wa pili wa Petro, sura ya 1, unasema unabii haukuletwa kwa mapenzi ya mwanadamu, bali watu walinena kutoka kwa Mungu wakichukuliwa na Roho. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kuchukuliwa" ndilo Luka analotumia katika Matendo 27 kwa merikebu iliyokamatwa na tufani, mabaharia wakaiacha ichukuliwe. Tunalipenda neno hilo. Chombo kinachochukuliwa na upepo hakiachi kuwa chombo. Mbao zake ni zile zile, na nahodha hulia na kuogopa. Ndivyo Amosi anavyonena kama mchungaji wa Tekoa, Ezekieli kama kuhani, Yeremia kama mtu aliyejeruhiwa. Tukikuta jasho la mwanadamu katika unabii, hatujapunguziwa Mungu.

Nao ushahidi wa nje una kazi yake, tusiudharau. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waligundua magombo katika pango karibu na Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Moja lilikuwa Isaya yote, ngozi zilizoshonwa pamoja, urefu wa zaidi ya mita 7, iliyoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo kuzaliwa. Lilikuwa la kale kwa takriban miaka 1000 kuliko nakala kamili za Kiebrania tulizokuwa nazo. Isaya 53 imo, Mtumishi anayedharauliwa na kuchukua maovu ya wengi imo. Kwa hiyo anayesema Wakristo waliiandika sura ile baada ya msalaba amejibiwa, amalize maneno. Gombo halitakuambia, hata hivyo, kwamba Mtumishi huyo alichukua maovu yako. Towashi wa Kushi alikuwa na gombo hilo hilo la Isaya mikononi, anasoma kwa sauti garini, na bado alihitaji Filipo apande akae naye.

Luther alipoyapima Maandiko aliuliza kama yanamhubiri Kristo. Sisi wanawe tumekuwa wepesi kusahau, na mfano hatuna haja ya kuutafuta katika madhehebu ya jirani. Michael Stifel alikuwa mchungaji wa Kilutheri huko Lochau, rafiki wa Luther mwenyewe. Alikuwa hodari wa namba. Kwa kuzihesabu herufi na namba za Maandiko alipata kwamba Kristo angerudi Oktoba 1533, saa 2 asubuhi. Luther alimwonya, hakusikia. Watu wakaacha kazi zao, wakakusanyika kanisani kungoja. Saa 2 ikafika, ikapita. Stifel alikamatwa na kupoteza usharika wake. Luther hakumtupa, baadaye alipewa usharika mwingine, na aliendelea na hisabati, safari hii katika mambo ya hisabati, akawa mmoja wa wataalamu mashuhuri wa karne yake. Tunamhurumia kuliko tunavyomcheka. Aliuheshimu unabii sana, ila aliuheshimu kama ratiba ya basi.

Katika siku zetu hatuna akina Stifel wachache. Washarika wetu wanapokea kwa simu sauti za watu wanaotaja mwezi wa ndoa, jina la mchawi, kiasi cha sadaka ya kufungua milango. Mama mmoja alituletea ujumbe kama huo akitaka tumwambie kama ni wa kweli. Tulifungua naye Yeremia 28. Hanania alitabiri kwa jina la Bwana, hekaluni, mbele ya watu wote, kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na wahamishwa watarudi. Neno tamu! Yeremia akaitikia amina, maana hata yeye alitamani iwe hivyo. Hanania akaivunja ile nira ya mti shingoni mwa Yeremia, na Yeremia akaenda zake. Hakuwa na jibu siku ile. Alingoja mpaka Bwana aliponena naye tena. Nabii wa kweli aliweza kuondoka akiwa kimya mbele za watu. Wa uongo hakuweza kungoja hata dakika. Mama akauliza kama Kumbukumbu 13 nayo inahusu, pale inaposemwa kwamba hata ishara ikitokea, mtu akikuvuta umwache Bwana usimsikilize. Tukamwambia inahusu sana. Pesa yake alikuwa bado hajatuma.

Katika Yeremia 26, baada ya wazee kumwokoa Yeremia, kuna mistari michache ambayo hatujawahi kuisikia ikihubiriwa. Alikuwako nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyetabiri maneno yale yale ya Yeremia juu ya mji ule ule. Mfalme Yehoyakimu akataka kumwua, Uria akaogopa, akakimbilia Misri. Wakamfuata huko, wakamrudisha, akauawa kwa upanga, maiti yake ikatupwa kwenye makaburi ya watu wa hali ya chini. Miaka michache baadaye kila alichosema kilitokea. Yeye hakukiona, na hakuna aliyemwandikia kitabu.

Kijana wetu alirudi wakati wa Majilio, kwa ajili ya wimbo wa Krismasi kwanza, si kwa ajili yetu. Tulimwita, tukamwomba radhi, tukamsomea Ezekieli 29. Alicheka kidogo aliposikia habari ya vichwa vyenye upara. Kisha akaisoma mwenyewe mara ya pili, polepole, akasema kwamba angeambiwa haya mapema asingekuwa na shida na picha ile. Kuhusu Tiro bado ana maswali, na mengine tunayo pamoja naye.

Siku hizi katika semina tunasoma sura ya 26 na ya 29 katika kikao kimoja, na Matendo 21 baada yake. Wazee wawili wa kanisa walitujia wakahofu kwamba tunawachanganya waumini wachanga, na kwamba ingefaa sura ya 29 ibaki kwa wanatheolojia. Tuliongea nao kwa muda mrefu, kwa maana hofu yao ilikuwa yetu pia siku ile ofisini. Mmoja amekubali. Mwingine ameomba kikao kijacho yeye asome sura ya 26 na mtu mwingine asome ile ya pili.